Stevia: Soko litangulie miche

Anayeuza miche ya stevia huanza na jambo moja: majani yake ni matamu kuliko sukari. Hilo ni kweli. Mmea huu asili yake ni Paraguay, ambako Waguarani wameutumia kwa karne nyingi kutia utamu vinywaji vyao. Japani iliuingiza viwandani miaka ya 1970, Marekani ikakubali unga wake uliosafishwa Desemba 2008, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwishoni mwa 2011. Unga huo una utamu unaozidi wa sukari ya miwa mara 200 hadi 300, na wenyewe haupandishi sukari kwenye damu. Hapa Kenya, wakulima wa maeneo ya Kericho wamewahi kuupanda kwa mkataba. Si ajabu basi kwamba mkulima aliyechoshwa na bei ya mahindi, au aliyeachwa na miwa shambani Mumias iliposimama na hatimaye kuwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019, anavutiwa na habari hizi.

Lakini tatizo la mkulima limo ndani ya utamu huo huo. Kitu kitamu mara 200 kuliko sukari huhitajika kidogo mara 200. Hesabu yake ni rahisi. Kenya hutumia takriban tani milioni moja za sukari kwa mwaka. Tuseme asilimia moja yake, yaani tani 10,000, nafasi yake ichukuliwe na stevia. Zitatosha tani 50 za unga uliosafishwa. Majani makavu yakitoa sehemu moja ya unga kwa kila kumi, ambayo ni hesabu ya kawaida kwa majani mazuri, zitahitajika tani 500 za majani. Na ekari moja ikitoa tani moja ya majani makavu kwa mwaka, kazi yote imekwisha kwa ekari 500. Hiyo haifiki hata kata moja ya nchi hii. Mahindi yakizidi sokoni, yaliyobaki huliwa nyumbani au hulishwa ng'ombe. Stevia ikizidi, hakuna familia itakayomaliza gunia la majani hayo.

Shambani nako kuna kazi ambayo muuzaji wa miche haitaji. Mbegu za stevia huota kwa shida na mimea yake haifanani, ndiyo maana hupandwa kwa vipandikizi, na gharama ya kuanza hupanda. Mizizi yake haiendi chini sana: ukame huichoma, maji yaliyotuama huiozesha, na magugu huushinda mmea huo mchanga upesi. Tena, stevia huchanua siku zinapokuwa fupi. Karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mmea hukimbilia kuchanua mapema, na utamu hupungua maua yakishatoka. Mkulima hulazimika kuvuna mara kwa mara kabla ya maua, kukausha majani upesi yasiote ukungu, kisha kuyatenga na vijiti kwa kuwa vijiti havina utamu wa maana. Akichelewa wiki moja kwa sababu ya mvua au msiba, anapeleka sokoni majani ya daraja la chini.

Nchi hii imewahi kupita njia kama hii kwa mmea mwingine. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa za malaria zinazotokana na artemisia, bei ya kilo moja ya dawa ghafi ilipanda hadi kuzidi dola 1,000 mwaka 2005. Wakulima wa Afrika Mashariki, China na Vietnam wakapanda kwa pamoja. Kufikia 2007 bei ilikuwa chini ya dola 200, na wengi wakang'oa. Ugonjwa haukuwa umeisha na dawa bado ilihitajika. Kilichotokea ni kwamba majani ya kutosha kwa dunia nzima yalipatikana mara moja, na kisha yakapatikana kupita kiasi.

Kwa stevia kuna mshindani mwingine asiyehitaji shamba la stevia kabisa. Mwaka 2019 kampuni za Cargill na DSM zilianza kutengeneza utamu wa stevia huko Nebraska, Marekani, kwa kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba na kulishwa sukari kwenye mapipa makubwa. Hamira hiyo hutoa aina ya utamu usioacha uchungu mdomoni, ambao kwenye jani umo kwa kiasi kidogo mno. Haimaanishi kwamba jani limekufa. Hamira ilipojaribiwa kwenye dawa ya artemisia kuanzia 2013, ilishindwa na bei ya wakulima, na kampuni ya Sanofi ikauza kiwanda hicho miaka michache baadaye. Ila mkulima wa stevia ajue kwamba anashindana na China, mzalishaji mkubwa zaidi wa majani haya, na pia na pipa.

Mfanyabiashara mdogo naye ana ya kuangalia. Pakiti nyingi zilizoandikwa stevia zina stevia kidogo tu. Kilichojaza pakiti ni kitu kingine. Kikiwa maltodekstrini, hiyo ni wanga wa mahindi uliovunjwavunjwa, na hupandisha sukari kwenye damu. Anayemuuzia mgonjwa wa kisukari bila kusoma orodha ya viungo anacheza na afya ya mteja. Asali, sukari guru na sharubati ya tende vinatoka kwa nyuki na mimea, ndiyo, lakini vyote ni sukari, na duka linaloviweka kwenye rafu ya wagonjwa wa kisukari linapotosha. Hata stevia yenyewe isiuzwe kama dawa ya kupunguza unene: Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo sukari, stevia ikiwamo, visitumiwe kwa lengo hilo, ushauri ambao haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Kwa mkulima, suala ni nani atanunua, wala si kama stevia ni nzuri. Marekani haijakubali majani makavu yenyewe kama kitamu, ila unga uliosafishwa, kwa hiyo anayetegemea soko hilo hana njia ya kukikwepa kiwanda. Asiye na mkataba wa maandishi asipande zaidi ya kitalu cha kujaribu na cha kuuzia majirani majani ya chai. Mwenye mkataba ausome kabla ya kulipia miche: bei ni kwa kilo ya majani yenye unyevu kiasi gani, nani anapima utamu na mkulima anaruhusiwa kuwepo, malipo ni baada ya siku ngapi, na mnunuzi akiondoka nani anabaki na deni la vipandikizi. Mnunuzi anayekataa kuandika majibu ya maswali hayo auziwe maparachichi.