Mabati yakianza kuuma: ukweli kuhusu stima ya sambaza, Kambi Muru hadi Kawangware

Kama umekulia Kambi Muru ama popote pale Kibera, kuna sheria moja uliijua kabla ujue kusoma: mvua ikinyesha, usiegemee mabati. Hakuna mwalimu alikufundisha. Ulionywa na brathe mkubwa, ama ulirushwa mara moja ukashika adabu. Wasee wa mitaa ingine wakisikia hiyo stori wanadhani ni jokes. Si jokes. Inaua watu, hata watoto.

Sasa hebu tuongee hii maneno polepole, juu kila mtu mtaani ako na maswali na majibu mengi tunayopeana kwa base ni ya kubahatisha.

Mabati huuma kwa nini? Waya ya sambaza hupitishwa juu ya paa ama kwa tundu la msumari. Upepo ukivuma, ukingo wa bati unasugua ile plastiki ya waya kila siku, polepole, mpaka siku moja shaba inagusa bati. Hapo ukuta wote umegeuka waya. Na vile keja zetu zimeshikana, bati la jirani limepigiliwa msumari mmoja na lako. Unaweza kuwa hulipi stima, huna hata balbu, na ukuta wako uko na volti 240. Wakati wa jua unaweza kusikia tu kamsisimko kadogo kwa vidole, juu ardhi imekauka na umevaa patipati. Mvua ikinyesha, matope na miguu yako vinakuwa barabara ya stima kwenda chini.

Na haihitaji stima mob. Miliampea 10 hadi 20 zikipita kwa mkono, misuli inajikaza na unashindwa kuachilia ile kitu umeshika. Zikifika 50 hivi zikipitia kifua, roho inaweza kupoteza mdundo. Sasa piga hesabu: balbu ndogo ya wati 10 inavuta karibu miliampea 42. Yaani ile stima inawasha balbu moja ya choo ndiyo tunaongelea hapa. Usiogope transfoma peke yake, ogopa pia ile waya nyembamba imening'inia hapo kwa kamba ya nguo.

“Lakini si kuna swichi inajizima?” Hii ndiyo inadanganya watu wengi. Sakiti breka ya kawaida iliwekwa kulinda waya isiungue. Breka ya ampea 20 haiwezi kuona hizo miliampea 50 zinakumaliza. Kifaa cha kulinda mtu ni kingine, mafundi huita RCD, na kile cha nyumbani kinakata stima mara tu miliampea 30 zikipotea njia. Halafu kuna ile waya ya kijani na njano, ya kupeleka stima iliyotoroka ardhini. Kwa sambaza huwezi pata yoyote kati ya hizo. Utapata waya mbili, na fyuzi ikiungua msee anafunga kipande cha waya pale, mambo inaendelea.

Hapo ndipo mtu wa Twitter anakuja na maneno yake: kwani hawa watu hawawezi lipia stima kama wengine?

Buda, hebu tusome historia kidogo. Kwa miaka mingi Kenya Power walikuwa wanakuja mtaani na rungu: mchana wanakata waya, usiku waya zinarudi. Mwaka 2014 hivi wakabadilisha mbinu. Kwa mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, walianza kuongea na watu wa mtaa kwanza, na bei ya kuunganishwa kwa vitongoji ikashuka hadi shilingi 1,160. Benki ya Dunia ilisema kwa mwaka mmoja nyumba zilizounganishwa kihalali kwa mitaa kama yetu ziliruka kutoka 5,000 hadi 150,000. Hiyo ilikuwa kitu kubwa. Mita za token zikaingia Kibera, watu wakapiga picha nazo.

Kisha wengi wakarudi sambaza. Wengine walirudishwa kwa nguvu, juu wale wenye biashara ya sambaza hawangekubali kupoteza wateja na waya halali zilikatwa. Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, iko jikoni. Koili ya kupikia ya wati 1,000, ukiitumia masaa matatu kwa siku, inakula uniti 3. Kwa mwezi ni uniti 90. Bei ya chini ya watu wa mapato madogo, tangu Aprili 2023, ni ya wale wasiopita uniti 30 kwa mwezi. Ukipita, hata tukihesabu shilingi 20 tu kwa uniti, hiyo ni 1,800 ya kupika peke yake. Jamaa wa sambaza anakuja kuchukua mia tatu ama mia tano kwa mwezi, pika usiku kucha kama unataka. Mtu wa kibarua atachagua nini? Sheria ya Nishati ya 2019 inasema kujiunganishia ni kosa, kuna faini na jela, na kila mtu anajua. Hesabu ya unga bado inashinda.

Ubaya ni kwamba hiyo koili ndiyo inachoma mtaa. Koili moja ni karibu ampea 4. Nyumba 20 zikipika saa moja jioni kwa laini moja, hizo ni ampea zaidi ya 80 kwa waya iliyotengenezewa 20 na kidogo. Waya inapata joto, plastiki inayeyuka, na kando yake kuna mbao na maboksi. Ndiyo maana moto mwingi unaanza saa ya supa. Na transfoma nayo ikizidiwa, tunakaa giza wiki nzima tukilaumu Kenya Power. (Mnakumbuka Juni 2016 tumbili alianguka kwa transfoma pale kituo cha Gitaru na Kenya nzima ikazima? Mashine moja ilizimika, zingine zikazidiwa na mzigo, zikafuatana. Tumbili alipona, by the way.)

Sasa wewe wa Kawangware, uko kwa fleti ya ghorofa pale Congo ama 46, una token, unadhani hii stori haikuhusu. Inakuhusu. Ile shawa ya maji moto ya papo hapo inavuta wati 5,000 na zaidi, hizo ni ampea 20 na kitu. Inahitaji waya yake peke yake, nene, milimita mraba 4 ama 6, na erthi ya ukweli. Mwenye ploti akitaka kuokoa doo, fundi anachukua stima kwa laini ya soketi, milimita 2.5, ama mbaya zaidi kwa laini ya balbu, milimita 1.5. Kama koki inakupiga ukioga, hiyo si “stima kidogo ya kawaida”. Zima, oga na maji ya besheni, na sumbua keateka mpaka fundi aje. Maji yako ndani ya hiyo stori na wewe uko uchi, sijui unangoja dalili gani ingine.

Ekstensheni nayo. Plagi yetu ya miguu mitatu ina mwisho wa ampea 13, hiyo ni karibu wati 3,120. Kettle ya 2,000 na pasi ya 1,200 kwa ekstensheni moja, umeshapita. Zile za bei ya kutupa mara nyingi hazina fyuzi, na waya ndani ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Beba sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa. Shaba haivutwi na sumaku. Ikivutwa, rudisha kwa duka. Na stika ya KEBS ina namba: tuma SM#, kisha hiyo namba, kwa 20023, wakujibu kama ni ya ukweli.

Balbu zikififia kisha ziwake kupita kiasi, nyumba moja inafifia ingine inang'aa, chomoa kila kitu haraka. Mara nyingi ni waya ya nutro imelegea, na volti zinaweza kupanda karibu 400. Hapo ndipo tivi za ploti nzima hufa siku moja.

Wenye biashara, nyinyi mko na shida ya jirani. Kinyozi anavuta kidogo, lakini mwenye welding kando yake anavuta kama ghorofa nzima, na wote wako kwa waya moja. Soko la Toi liliungua 2019 na tena Oktoba 2024, na kila mara watu hubishana kama ni stima ama ni watu wanataka shamba. Vyovyote iwavyo, vibanda vya mbao vikishikana hivyo, cheche moja haiulizi chanzo. Wekeni swichi kuu moja mahali kila mtu anaijua, na izimwe mkifunga. Fundi naye aonyeshe leseni ya EPRA. Akianza kukasirika ukiuliza, tafuta mwingine.

Msee akishikwa na stima, usimguse. Zima swichi kuu. Kama haipatikani, simama kwa kitu kikavu, msukume ama sukuma waya na mti mkavu au stuli ya plastiki. Akiwa hapumui, weka mikono katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Moto wa stima usimwagiwe maji kabla stima izimwe. Mchanga mkavu unasaidia, maji yanakuletea shoti.

Na waya ikianguka njiani, mtu mmoja abaki hapo kuzuia watoto, mwingine apige 97771. Ukipiga, usiseme tu “niko Kibera”. Sema Kambi Muru, kisha taja kanisa, shule ama choo cha kulipia kilicho karibu, juu huku kwetu nyumba hazina namba.