Jino Halingoji Harusi

Leo hatuna mapishi wala mishono. Leo tuna ugomvi, na wa kwanza kugombezwa ni sisi wenyewe.

Mwaka juzi tulikwenda harusini Tabora, mtaa wa Kanyenye. Wengi wetu visiwani tuna damu huko tangu enzi za misafara ya Unguja na Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na ukifika unapokewa kwa udi na pilau kama hukutoka nyumbani. Bibi harusi alikuwa ndani kwa somo wake, anasingwa. Gego la chini lilimuuma wiki nzima. Siku ya hina maumivu yakakata ghafla, tukasema alhamdulillahi. Usiku ule ule shavu likavimba. Tukamtia karafuu. Shangazi mmoja akaleta vidonge vinne kutoka duka la dawa. Na sisi tunaojidai kujua mambo tukakaa kushauriana mtandio ufungwe vipi ili uvimbe usionekane kwenye picha.

Siku ya pili ya fungate alikuwa hawezi kumeza hata mate. Sauti imekuwa nzito, ulimi umeinuka. Alfajiri akafikishwa Kitete, hospitali ya mkoa, akapasuliwa chini ya kidevu usaha ukatoka. Yu hai, kwa rehema za Mola. Picha za harusi hataki kuziona.

Sasa tuambiane ukweli. Jino linapoacha kuuma ghafla bila kutibiwa, mara nyingi halijapona, mshipa wake wa ndani ndio umekufa na uchafu unashuka mfupani. Karafuu yetu tunaipenda, na kweli inatuliza maumivu, lakini haitoi usaha. Vidonge vya kukisia vinne navyo havitoi. Usaha wa gego la chini ukishuka chini ya ulimi na shingoni unaziba njia ya pumzi, na hapo mtu hufa. Hufa kwa jino!

Kwa hiyo uvimbe ukitoka kwenye ufizi ukaenea shavuni, chini ya taya, shingoni au kuelekea jicho, hiyo si ya kungoja kesho. Homa pamoja na jino, usingoje. Mdomo haufunguki, mate yanatiririka kwa sababu hayamezeki, sauti imebadilika, pumzi nzito: hospitali usiku huo huo, hata kama wapambaji wamekwishalipwa. Mwenye kisukari afanye haraka zaidi. Mjamzito asiambiwe angoje ajifungue, kwani madaktari wa meno wanatibu wajawazito kila siku. Damu baada ya kung'oa, ng'ata kitambaa safi kwa nguvu nusu saa, isipokata, rudi.

Kinachotuudhi hasa ni maneno tunayoyatumia kumfunga mdomo mgonjwa. "Subiri, mwanamke ni subira." Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na subira haikuwahi kuwa kumficha mgonjwa nyuma ya pazia. "Daktari ni mwanamume." Kama wa kike hayupo, dharura ina ruhusa yake, nenda na mama au kaka. "Ramadhani hii." Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula akalipa siku nyingine. Ya nne ndiyo ya kuchekesha: "Harusi itaharibika." Itaharibika vipi? Ridhaa ya binti ikishapatikana, anayeozesha ni walii, mbele ya mashahidi wawili. Bibi harusi hana haja ya kuwepo hapo. Angeweza kuwa amelala Kitete na dripu mkononi, nikaha ikapita msikitini halali kabisa. Kilichongoja mdomo wake mzuri ni kamera, na kamera haimo katika nguzo za ndoa.

Tunajua hospitali ni gharama, na harusi imekwishakausha mifuko. Lakini bei ya kushughulikia gego moja mapema haifiki hata ya keki.

Masomo na makungwi, haya tunawaombeni nyinyi, kwa kuwa mwari yuko mikononi mwenu siku zote saba na mnamkagua kucha mpaka kisigino. Mwambieni afungue mdomo pia. Vidole vyake vitatu vikipangwa wima viingie baina ya meno ya mbele. Kama jana viliingia na leo haviingii, acheni singo, mpelekeni.