Homu thieta Ukunda: umuulize nani?

Najua nimekuwa kimya, kazi ya mteja mmoja ilinikaba koo. Leo programu tuziweke kando kidogo, tuzungumze habari ya sauti, maana wiki jana nusura familia yangu ipoteze pesa.

Shemeji yangu alinipigia simu akiwa Mombasa, amesimama mbele ya kaunta ya duka. Yeye hufanya kazi hotelini Diani. Msimu wa kaskazi ulikwenda vizuri, akaweka akiba, na sasa anataka kufungua chumba cha kuonyesha mpira na filamu kwao Msambweni. "Shemeji, nimeona homu thieta hapa. Spika tano na wufa lake. Wati elfu tano! Muuzaji asema ndiyo ya mwisho. Nilipe?"

Nikamwambia asilipe kwanza. Aligeuze lile boksi, anisomee kibandiko cha nyuma, pale penye maandishi madogo. Akasoma: volti 240, hezi 50, wati 90.

Wati 90 zinaingia, wati 5,000 zinatoka. Sasa hizo nyingine zimetoka wapi, Shimba Hills? Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13. Zidisha 13 kwa 240 upate 3,120. Hiyo ndiyo nguvu ambayo plagi moja imekusudiwa kubeba, pasi ikiwemo, birika likiwemo. Namba kubwa iliyoandikwa kwa mbele huitwa PMPO, na haina kipimo ambacho watengenezaji wamekubaliana. Kila mmoja hujiandikia apendavyo. Ukitaka namba inayokaribia ukweli, tafuta herufi RMS, na isipoandikwa popote basi umeshajibiwa.

Lakini kilichonikera zaidi si boksi. Shemeji aliuliza watu wengi kabla ya kupanda matatu kwenda Likoni, na wote walikuwa watu wa aina moja. Mapenzi ya sauti yana makundi yake, na ukiingia kundi lisilo lako, utanunua mahitaji ya mtu mwingine.

Kundi la kwanza ni watu wa wati: wauzaji, vijana wa matatu, na yule jirani ambaye harusi ya nduguye ilisikika mpaka kijiji cha pili. Siwadharau. Wanajua kufunga waya na wanajua betri. Ila shida yao ni sauti ifike mbali, na wewe wataka mtu aliyekaa benchi la nyuma ayasikie maneno. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Kundi la pili ni wasomi wa Ulaya na Marekani. Hapa lazima niseme ukweli, mimi mwenyewe nililelewa na kundi hili. Kwao ndiko nilikojifunza kwamba 5.1 maana yake ni njia sita za sauti, tano kamili na moja ya mvumo wa chini, na kwamba filamu ya kwanza kutoka na Dolby Digital ilikuwa Batman Returns mwaka 1992. Nilijifunza pia kwamba spika ya katikati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo, na watu huinunua ya mwisho wakati ilistahili kuwa ya kwanza. Elimu nzuri sana. Tatizo ni nyumba zao: kuta za mbao na bodi za jasi, zulia ukuta kwa ukuta, madirisha yamefungwa, umeme wa volti 120. Sisi huku tuna ukuta wa mawe ya matumbawe, sakafu ya saruji au vigae, madirisha wazi, na bati juu. Mvua ya Mei ikianza, hata Dolby mwenyewe asingesikika.

Nililipia ujinga wangu mara mbili. Mara ya kwanza jamaa aliniletea amplifaya kutoka Marekani, nikaichomeka bila kusoma kibandiko. Ilisema "puu" moja tu. (Ndugu zetu wa Oman hawana shida hii. Umeme wa kule ni volti 240 na plagi ni hizi hizi zetu, kwa hiyo mzigo wa Muscat huchomekwa ukafanya kazi.) Mara ya pili nilinunua spika zilizosifiwa sana na kundi hilo. Ule mzunguko laini unaoshika koni ulikuwa wa sponji. Sponji ya aina ile huliwa na unyevu. Mimi nakaa karibu na bahari, na upepo wa kusi ukivuma hapa huja na chumvi yake. Baada ya miaka michache niligusa kwa kidole, ikaanguka kama mkate mkavu. Mzunguko wa mpira ungestahimili. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna kati yao aliyeishi Galu.

Kundi la tatu halijiiti kundi. Ni mafundi wa vibandani na wenye vyumba vya video. Nilimpeleka shemeji kwa mzee mmoja wa Msambweni aliyeonyesha filamu tangu enzi za kanda za VHS. Tulitoa shikamoo, tukakaa. Hakuuliza habari ya wati. Aliuliza: "Mwanangu, utaonyesha nini?"

Sikilizeni wadau, hilo ndilo swali ambalo muuzaji hakuliuliza. Shemeji akajibu: mpira, na filamu za kutafsiriwa, zile za DJ Afro na wenzake. Mzee akacheka. Filamu za namna ile zilisambaa kwa miaka kwenye VCD na DVD za kunakiliwa. VCD ina njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia, na juu yake kumewekwa sauti ya mtu mmoja anayesimulia. Kwa hiyo spika za nyuma zingepiga nini? Ama zitanyamaza, ama mashine itarudia yale yale ya mbele na kuyavuruga. Watu wa kompyuta tunalijua jambo hili: data ambayo haikuwekwa huwezi kuitoa. Spika tano kwa sauti ya msimuliaji mmoja ni kama kununua diski kubwa ili faili dogo lipendeze.

Mzee akaendelea. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke, kwa kuwa kurudi kwake ndiko kunakoua. Amplifaya isiwekwe ndani ya kabati. Hili la mwisho naweza kulitetea kwa hesabu: kapasita za ndani, zile za umbo la kopo, kwa kanuni ya mafundi hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 za joto linaloongezeka. Mzee hajui kanuni hiyo. Anajua tu kwamba zilizokuwa kabatini zilikufa mapema, na alizinunua kwa pesa zake.

Si kwamba kila alichosema ni sawa. Mzee hupachika spika kwenye pembe za chumba, juu kabisa, na hapo mimi na yeye tulibishana mpaka chai ikapoa. Chumba cha shemeji ni futi 14 kwa 14, yaani kama mita 4.27 kila upande. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Gawanya 349 kwa mara mbili ya 4.27, unapata karibu hezi 41. Noti hiyo itavuma chumbani kama pipa, na kwa kuwa chumba ni mraba itavuma pande zote mbili kwa pamoja. Ukiweka wufa pembeni unaichochea zaidi. Ukilivuta kutoka pembeni na kuongeza vitu laini vya kunyonya makelele, maneno yanarudi. Kwa masikio yangu, nyumba ya udongo yenye paa la makuti hushinda vila nyingi za Diani, maana makuti hayarudishi sauti kama saruji. Lakini jaribu kumwambia mwenye vila.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua wengine mtanirukia: ukiwa pwani hii, anza na kundi la tatu, kisha wasomi uwaulize hesabu tu, na watu wa wati uwaite siku ya harusi.

Shemeji hakununua lile boksi. Amechukua spika mbili za mtumba zenye mzunguko wa mpira, amplifaya ya njia mbili, na kifaa cha kulinda umeme. Pesa iliyobaki imeenda kwenye mapazia mazito na mabenchi. Mzee bado asema spika zipande pembeni. Jumamosi tunazijaribu kotekote, yeye akae nyuma afumbe macho, tusimwambie ziko wapi.