Redio na Kupatwa kwa Jua

Wakulima wengi wakifika Dar es Salaam hununua redio Kariakoo. Mnunuzi hutia betri pale dukani, mchana, akafungulia masafa ya kati. Husikia mikwaruzo tu. Basi huikataa redio, au huipeleka kwa fundi akalipa fedha bure. Redio ile ile usiku hushika stesheni za nchi za mbali.

Nyaya za umeme na mashine za mjini huleta mikwaruzo, ni kweli. Lakini sababu kubwa ni jua.

Juu yetu, kilomita 60 hadi 90 kutoka ardhini, liko tabaka la hewa. Mchana jua hulibadili tabaka hilo, nalo humeza mawimbi ya masafa ya kati. Usiku nguvu hiyo hupotea. Mawimbi hupita, hufika juu zaidi, hugonga tabaka jingine na kurudi ardhini mbali sana, kama mpira uliogonga ukuta. Masafa ya FM hayana habari na mambo haya.

Tunajuaje kwamba ni jua? Kupatwa kwa jua hutuonyesha. Mwezi hupita kati ya jua na dunia, ukatia kivuli mchana. Tarehe 1 Septemba 2016 watu wa Rujewa, wilaya ya Mbarali, waliona jua limebaki pete. Dar es Salaam nako sehemu kubwa ya jua ilifunikwa. Kivuli cha namna hiyo hulidhoofisha tabaka lile kwa muda mfupi. Stesheni za mbali huanza kusikika mchana, kisha hufifia jua linaporudi.

Wako watu wanaorusha redio majumbani mwao kwa kupenda tu, si kwa biashara. Huitana na kujibizana. Jua lilipopatwa Marekani tarehe 21 Agosti 2017, wengi wao waliitana wakati kivuli kinapita. Katika masafa yao ya chini mawimbi yalifika mbali kuliko mchana wa kawaida. Wataalamu walizitumia kumbukumbu zao.

Tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa tena kwa pete, na njia yake itapita Tanzania. Tia betri mpya. Sikiliza masafa ya kati kabla, wakati wenyewe, na baadaye. Andika stesheni na saa. Usilitazame jua kwa macho, wala kwa kioo cha masizi, wala ndani ya beseni la maji. Jicho huungua bila kuuma. Redio unaweza kuisikiliza ukiwa ndani ya nyumba.