Vuli na Haki ya Ahali Kutembea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na ahali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu watukufu, kusi imekwisha na demani inatuaga. Mawingu ya vuli yamekwisha kujikusanya upande wa bahari, na pepo za kaskazi ziko njiani. Shule nazo zakaribia kufungwa kwa ile likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Kwa wanaume wengi, msimu huu huja na kwenda kama misimu mingine. Kwa akina mama, ni miezi ya watoto kushinda nyumbani, jiko lisilozimika, na kuta zile zile nne.

Siku chache zilizopita alitujia mama mmoja baada ya darasa la alasiri. Alikaa pembeni hadi wenziwe walipoondoka, kisha akasema, "Maalim, nina suala, na naona haya kuliuliza. Nimeolewa miaka 11. Nimeshapita Gede mara nyingi nikienda mazikoni Malindi, na kila mara watoto huniuliza mle msituni mna nini. Nikimwambia baba yao atupeleke, huniambia matembezi ni israfu na ni mambo ya wasiojua dini. Je, napata dhambi kwa kutamani?"

Tulimjibu papo hapo kwamba kutamani kutoka na mumewe na wanawe si dhambi. Lakini suala lake lastahili jawabu refu zaidi ya lile, kwa kuwa twajua si yeye peke yake anayeliuliza.

Tuanze na dini yenyewe. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Mola wetu anatuamrisha twende katika ardhi tukatazame namna alivyouanza uumbaji. Amri hiyo haikuwahusu wanaume pekee. Na Mtume wetu (s.a.w.), aliyebeba mzigo ambao hakuna kati yetu awezaye kuubeba, alipata wasaa wa kushindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini, mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na baada ya muda wakashindana tena, Mtume akashinda naye akamtania kwamba sasa wamelipana. Siku ya Idi, Mahabeshi walipocheza na mikuki yao msikitini, Mtume alisimama akimsitiri Bibi Aisha ili atazame, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Na swahaba Hanzala alipohofia kuwa ni mnafiki kwa sababu moyo wake hubadilika akiwa na mke na watoto, Mtume alimtuliza kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile.

Basi asiyewatoa ahali zake asiseme ni kwa ajili ya dini. Aseme hana nafasi, au hana uwezo, nasi tutamwelewa. Na kama kila jioni ana nafasi ya kukaa barazani hadi isha, akinywa kahawa na kuzungumza na wenziwe, basi aseme ukweli kwamba burudani anaijua, ila hajaigawa.

Wala hatusemi haya kwa kujitakasa. Usiku ule ule, baada ya kula, tulimuuliza mama wa nyumba yetu: ni lini mara ya mwisho tulipotoka sote pamoja, si kwa harusi wala kwa mazishi? Alinyamaza akifikiri, kisha akasema, "Siku ile tuliyompeleka mtoto hospitali." Hakusema kwa kutusuta. Alikuwa akitafuta jawabu kwa dhati, na hilo ndilo alilolipata. Miaka yote tumesomesha haki za mke, na jawabu likawa hilo.

Jumamosi iliyofuata tulikodi matatu pamoja na jamaa wa ndugu yetu, tukaenda Gede, yapata kilomita 100 kutoka kisiwani Mombasa. Tunawaeleza tuliyoyaona ili yule mama na wenziwe wajue mle msituni mna nini.

Mna mji wa Waislamu. Ni mji uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ukastawi kwa karne kadhaa, kisha ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Utauona msikiti wa Ijumaa na kibla chake, kisima cha kutawadhia, jumba la mtawala, na nyumba zenye vyoo na mifereji ya maji machafu. Vyombo vya kauri kutoka Uchina vilipatikana humo. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Mtoto wetu mdogo alihesabu kwa vidole, akauliza, "Walikuwa wakisali kama sisi?" Tukamwonyesha kibla. Kitabu gani cha shule kingemjibu vile? Watoto wetu husikia kwamba ustaarabu uliletwa pwani na meli za Wazungu. Waacheni wasimame mbele ya kaburi lililoandikwa karibu miaka 100 kabla Vasco da Gama hajafika Malindi mwaka 1498, kisha waamue wenyewe.

Karibu na Gede kuna ghuba ya Mida, na msimu huu ndio wake. Huko Ulaya na Asia ya kaskazini, wakati huu majani hupukutika na baridi huingia. Jamaa zetu walioko London na Toronto hututumia picha za miti iliyogeuka rangi. Ndege wa huko hawawezi kuikabili baridi hiyo. Huruka maelfu ya kilomita, na baadhi yao hushukia Mida kuanzia mwezi wa Septemba na Oktoba, wakabaki hadi karibu na masika. Wapo pia ndege weupe na weusi wala kaa, ambao hutaga mayai yao pande za Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu kula. Maji yanapokupwa utawaona kwa mamia matopeni. Hapo mzazi awasomee wanawe aya ya 19 ya Suratul Mulk, inayowataja ndege wakikunjua na kukunja mbawa angani, wala hakuna awashikiliaye ila Mwingi wa Rehema. Aya ile wameihifadhi chuoni, pale wataiona.

Kwa wasioweza safari ndefu, kuna ya karibu. Jumba la Mtwana, kaskazini kidogo ya Mtwapa, ni magofu ya karne ya 14 na 15 yaliyo ufukweni kabisa, na kando ya msikiti wake wa baharini kuna kaburi lenye aya ya Suratu Al-Imran inayotukumbusha kuwa kila nafsi itaonja mauti. Bamburi kuna bustani ya Haller, iliyokuwa shimo tupu la kuchimbia mawe ya saruji. Miaka ya 1970 René Haller alianza kwa kupanda mivinje, kisha akaleta majongoo wale majani makavu na kuyafanya udongo. Leo ni msitu wenye twiga na viboko. Mtoto akiuliza jongoo ana faida gani, jibu liko pale. Ngome ya Yesu nayo tunaipita kila siku kama ukuta wa jirani. Wareno waliianza mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira zaidi ya miaka miwili. Ni watoto wangapi wa Mji wa Kale waliowahi kuingia ndani?

Na kwa mwenye jamaa Lamu, aghalabu mwezi wa Novemba hufanywa tamasha la utamaduni, lenye mashindano ya majahazi na ya punda, bao na mashairi. Mzazi achague ya kuwaonyesha wanawe, na pale panapochanganyika ngoma na mambo yasiyofaa, ajiepushe bila ya kugombana na watu.

Sasa tuje kwenye adabu, kwani neema isiyo na adabu hugeuka majuto.

Kwanza ni sala. Haifai tukatazame uumbaji huku tukimpoteza Muumba. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, safari ya halali inayozidi kilomita 80 hivi humruhusu msafiri kufupisha adhuhuri na alasiri, rakaa mbili mbili, na kuzikusanya. Basi aendaye Gede kutoka Mombasa ana ruhusa hiyo, ama aendaye Jumba la Mtwana asali kamili. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka. Kuhusu kibla, Mola ameturahisishia: Makka iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja. Ukiwa ufukweni, iweke bahari mkono wako wa kulia, nawe umekielekea takriban. Chukueni mkeka na galoni ya maji ya kutawadhia, na kila mama awe na pahala pa stara.

Pili ni bahari, nayo haina mzaha. Wazee wetu waliijua kwa kutazama mwezi, na sisi wenye kalenda ya Hijria ukutani hatuna udhuru. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hupwa sana yapata saa nne asubuhi, na hujaa sana yapata saa kumi alasiri. Waendao kutembea mwambani asubuhi, wakasahau saa kwa kuokota makome, hurudi wakiwa wamekatiwa njia na mkondo. Mtu mzima mmoja asipewe kazi nyingine siku hiyo ila kuwatazama watoto walio majini, naye asiwe na simu mkononi. Zamu hiyo wapokezane.

Tatu ni mfuko. Israfu imekatazwa katika Suratul Aaraf, aya ya 31, lakini israfu ni kupindukia, si kutumia. Jamaa mbili tatu zikichanga matatu moja, na chakula kikitoka nyumbani, gharama hupungua sana. Asiye na hata hiyo, Mama Ngina hapana kiingilio. Jioni moja chini ya mibuyu, meli zikipita mlangoni mwa bandari, mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili mkononi, nayo ni matembezi.

Nne ni taka. Kuondoa cha kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2017, lakini Muislamu hangoji askari. Tulichokuja nacho turudi nacho.

Tano, nayo twaiandika kwa aibu. Siku ile tulipofika Gede, tulipomaliza kuzunguka msikiti na jumba, tulimtafuta mama wa nyumba yetu tumwonyeshe lile kaburi. Tulimkuta amelala mkekani chini ya mti, kichwa kimeegemea kikapu. Alikuwa ameamka saa tisa usiku kukaanga mahamri, kuunga mbaazi, kutia chai chupani na kuwavisha watoto. Kima walikuwa wameshachukua mkate ubavuni pake, naye hakusikia. Tulikuwa tumempeleka matembezini, naye amekwenda kazini. Tulimwacha alale, tukawapa watoto chakula, tukaosha vyombo. Alipoamka jua lilikuwa limekwisha kuinama, na tukarudi sisi wawili ndani, yeye nasi, akaliona kaburi.

Basi enyi waume, hesabuni haya. Matembezi ambayo mama hupika zaidi, hubeba zaidi na hulala kidogo zaidi, hayo si haki aliyopewa, ni mzigo alioongezewa. Vijana wa kiume wabebe masufuria. Baba atie chai. Chakula kiwe chepesi, au kinunuliwe kwa mama mwenye kibanda pale pale, naye apate riziki. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia ahali zake nyumbani, na hakuna kati yetu aliye na heshima ya kupunguka kuliko yeye.

Ama yule mama aliyetuuliza, tulimwita mumewe. Ni mtu mwema, mchapakazi, asiyekosa safu ya mbele. Tulikusudia kumpa nasaha kwa dalili. Badala yake tulimweleza jawabu lile la hospitali na habari ya mahamri. Alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Hajawapeleka Gede bado, kwani kazi yake haimpi ruhusa hadi mwisho wa mwezi. Lakini Ijumaa iliyopita, baada ya magharibi, tuliwapita Mama Ngina, yeye na mkewe na watoto wanne, wamekaa juu ya ukuta wakitazama meli. Baba ndiye aliyekuwa ameshika karatasi ya mihogo, akiwagawia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na mapenzi na rehema, atuhifadhie watoto wetu nchi kavu na baharini, na aijaalie mvua ya vuli iwe ya kheri na baraka. Amin. Wabillahi tawfiq.