Haki ya Kugombea si Mali ya Vyama



Kila uchaguzi wa Rais unapokaribia, husikika katika vibaraza vya misikiti yetu, Mbeya na Iringa, kauli ile ile: kumpigia mgombea wa chama kidogo ni kuitupa kura. Kauli hii ni batili. Mwaka 2005 mgombea wa CHADEMA, Freeman Mbowe, alipata chini ya asilimia 6. Miaka mitano baadaye chama hicho kilichodharauliwa kilitwaa ubunge wa Mbeya Mjini na Iringa Mjini.

Lakini yuko mgombea mdogo zaidi anayepasa kutuzindua. Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, iliyokuwa mkoani Iringa enzi hizo, aligombea mwaka huo huo kwa tiketi ya DP akaambulia asilimia 0.27. Wengi wetu hatukuyapenda maneno yake, wala msimamo wake dhidi ya Muungano na Zanzibar. Hata hivyo, Uislamu unatuamuru kumfanyia uadilifu hata tusiyempenda, na uadilifu unatulazimu kukiri kwamba katika jambo moja alikuwa na haki.

Aliuliza: kwa nini raia alazimishwe kuingia chama ndipo agombee? Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994. Bunge likaizima hukumu hiyo kwa kurekebisha Katiba. Mahakama Kuu ilimkubalia tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, ikisema hilo ni la Bunge. Hakuchoka. Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake, ikaagiza irekebishe Katiba na sheria. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Uchaguzi wa 2025 ulifanyika agizo hilo likiwa halijatekelezwa.

Wapo wasemao kwamba mgombea binafsi ataleta fitna. Je, ni kweli? Nchini Marekani, mwaka 1992, Ross Perot aligombea bila chama akapata takriban asilimia 19, na nchi ile haikusambaratika. Fitna huzaliwa pale milango inapofungwa. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwa na mgombea wa urais, na wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alienguliwa. Waliowaunga mkono wangepita mlango gani, ilhali Katiba haimtambui mgombea asiye na chama?

Ndugu zetu, tusingoje kampeni za 2030. Kila mbunge ajaye kutusalimia baada ya sala ya Ijumaa aulizwe swali moja: hukumu ya Arusha itatekelezwa lini? Asiye na jibu, naye asidai kura zetu kana kwamba ni deni.

Wabillahi tawfiq.