Mgongo wa Muuguzi na Dhamiri Zetu



Muuguzi humgeuza mgonjwa aliyepooza, humwinua kitandani, humpeleka msalani, kisha humwendea wa pili hata wa kumi. Jioni hurudi nyumbani ameshika kiuno. Akilalamika, huambiwa: "Vumilia, huo ni wito." Tangu lini wito ukawa kibali cha kuvunja mgongo wa mtu?

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa kiuno. Mwongozo wake wa mwaka 2023 wapendekeza mazoezi yenye mpangilio, wala haushauri mikanda ya kiuno iwe tiba ya kawaida. Siku hizi mtaalamu wa viungo aweza kumsimamia muuguzi kwa simu ya video: humtazama akijinyoosha, humsahihisha, humwongezea zoezi kadiri misuli inavyopata nguvu, humtia moyo asiache. Aliye mbali na hospitali kubwa huepushwa na nauli na safari. Hilo ni jema, nasi twalidai.

Lakini tusidanganyane. Jema hilo laweza kugeuzwa kisingizio. Muuguzi ataambiwa afanye mazoezi usiku, baada ya zamu, kwa fedha yake mwenyewe. Asipopona, lawama ni yake. Je, hiyo ni haki? Hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2007 kwa kanuni za usalama kazini yaonyesha kuwa mtu asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 16 za uzito wa mgonjwa, hata hali ikiwa nzuri. Ni mtu mzima gani mwenye uzito huo? Tena utafiti umeonyesha kuwa kufundishwa namna ya kuinua peke yake hakuzuii maumivu ya mgongo.

Waraka Laborem Exercens wa Papa Yohane Paulo II, wa mwaka 1981, wataja miongoni mwa haki za mfanyakazi mazingira ya kazi yasiyodhuru afya yake. Haki haiombwi kama sadaka. Basi waajiri wote, na kwanza sisi tunaoendesha hospitali kwa jina la Kanisa, tutoe mambo matatu: muda wa mazoezi ndani ya saa za kazi zenye malipo, gharama za mtaalamu na za simu, na wauguzi wa kutosha pamoja na vifaa vya kuinulia wagonjwa.

Anayewabeba wanyonge naye ni mtu. Tusimsifu Jumapili, tukamvunja Jumatatu.